Siku Baba Alipoitisha Risaga

Nilipompigia baba simu kumwambia kwamba nimehamishiwa Mugumu, hakuuliza nimepata nyumba wapi, wala hakuuliza kama wodi yangu mpya ina wauguzi wa kutosha. Aliuliza kutoka Mugumu hadi Gorong'a ni mwendo gani siku hizi. Nikamwambia kwa bodaboda mtu anaondoka asubuhi na jioni amerudi. "Basi vizuri," akasema, na sauti yake ikachangamka. "Siku ya mapumziko nenda ukaniangalizie milingoti yangu pale kisimani. Unipigie picha. Na yule Bibi, kama bado yupo, umsalimie sana."

Milingoti ndiyo mikaratusi. Kwetu Makete tunaiita hivyo. Baba ni mwalimu mstaafu. Miguu haimbebi tena, anashinda barazani na blanketi mapajani, na kila anayekuja kumjulia hali lazima asikie habari za kisima cha Gorong'a: jinsi alivyokwenda mgeni katika nchi ya watu, akapendwa, akaitisha kazi, na wakubwa kwa wadogo wakatoka kupanda miti kama wanaokwenda harusini. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kumsahihisha akikosea. Na kusema kweli niliipenda. Ndugu zetu wengine wana maduka, wengine wana vyeo, na sisi tulikuwa na kisima. Kwa hiyo nikikwambia huko mbele kwamba nimeona aibu, ujue haikumkuta mtu mnyonge. Ilimkuta mtu aliyezoea kujisifu.

Ngoja nikupeleke Gorong'a ile kwanza, rafiki yangu, maana bila kuiona hutanielewa.

Tulihamia huko nikiwa sijaanza shule. Baba alipangiwa na serikali kama walimu wengine, akaenda na sanduku la vitabu, mama, mimi, na mfuko mdogo wa mbegu ambao mama aliudhania ni dawa ya tumbo mpaka alipokaribia kuzichemsha. Nyumba ya mwalimu ilikuwa juu ya mteremko. Chini yetu kidogo ulikuwa mji wa Bibi, zizi katikati na nyumba zimelizunguka, na chini ya mji wa Bibi, ndani ya matete na mikuyu, kilikuwepo kisima. Usifikirie kisima cha saruji chenye pampu. Ilikuwa chemchemi tu, shimo lenye upana wa ungo, maji yakitokea chini ya jiwe jeusi, yakijaa, yakimwagika, halafu yakishika njia yao kuteremka kwenda kukutana na Mto Mara huko bondeni.

Bibi hakuwa bibi yangu wa damu. Sisi wa kuja hatukuwa na bibi pale, na yeye akaona si vizuri mtoto kukua hivyo, akajiteua. Kiswahili chake kilikuwa kichache, naye alikitumia kwa kubana kama chumvi ya mwisho wa mwezi. Neno moja, mawili, basi. Yaliyobaki alisema kwa Kikurya, nami nikajifunza Kikurya kwa sababu ya uroho tu. Nyumbani mwake kulikuwa na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na kulikuwa na mgagani uliopikwa kwa maziwa hayo siku mbili mfululizo mpaka uchungu unalainika. Ugali wake wa mtama na muhogo ulikuwa mweusi, mzito, unang'ang'ania vidoleni. Mama alipika vizuri, asinisikie, lakini saa ya kula ilipofika miguu yangu iliteremka yenyewe kwenda kwa Bibi.

Kisima kilikuwa na sheria zake na hakuna aliyeziandika popote. Sabuni haivuki ule mkuyu wa kwanza. Sufuria yenye masizi haitumbukizwi. Unachota kwa kibuyu, tena kilichosuuzwa. Nguo zinafuliwa chini kabisa, mahali maji yameshapita kila mtu. Chura hapigwi jiwe, na mtoto aliyempiga alirudishwa nyumbani na ndoo tupu, akajieleze kwa mama yake. Tulioga kwa dodoki, tulisugua vyombo kwa majivu na mchanga, ufagio tulikata porini, na makombo yote yalikwenda kwa mbuzi au kwenye migomba. Mfuko wa nailoni ukiingia kijijini ulifuliwa na kuanikwa kwenye kamba mpaka unachanika. Siku hizi nasikia watu wanakwenda semina kufundishwa kuishi hivyo. Sisi hatukujua kwamba tunahifadhi chochote. Tulijua tu kwamba ukichafua, wewe mwenyewe utakunywa.

Na Jumamosi, ee, Jumamosi ilikuwa ya kisima. Wamama walishuka na nguo, wanaume walinywesha ng'ombe kule chini, na watoto tukawa na siku nzima. Tulijenga miji ya udongo yenye mazizi na ng'ombe wa mbegu. Tulisuka vikapu vya matete ambavyo havikubeba kitu zaidi ya majani. Mahindi ya kuchoma yalitoka kwa yeyote mwenye moto, na hakuna aliyeuliza wewe ni mtoto wa nani, ingawa wote walijua. Nilikuwa nikilala chali juu ya jiwe na kusikia kengele za ng'ombe, vyura, wanawake wakicheka jambo ambalo lilikatika nilipogeuka kuwatazama, na chini ya hayo yote maji, yakisema jambo lao moja bila kuchoka.

Baba alikipenda kisima kile kuliko wenyeji. Nadhani ni kwa sababu alitoka mbali. Mwenyeji anachota maji na kuondoka. Baba alisimama akitazama, mikono kiunoni, buti za mvua miguuni hata wakati wa kiangazi. Kilichomsumbua ni ule upande wa matete. Aliona vichaka, aliona mbu na nyoka, aliona mahali patupu panapongoja kazi ya mtu mwenye bidii. Alikulia katika vilima vilivyovaa milingoti mpaka shingoni, na machoni pake mahali pasipo miti iliyopangwa mstari hapajafikiwa na maendeleo. Akaotesha zile mbegu nyuma ya nyumba, kwenye makopo ya maziwa na maganda ya migomba, akazifunika kwa nyasi, akanipa mimi kazi ya kuzimwagilia. Nilizipenda. Nilizipa majina ya wasichana wa darasani niliotaka wawe rafiki zangu.

Miche ilipofikia urefu wa kupandwa, baba akafanya jambo ambalo mpaka leo analisimulia kwa furaha. Hakuamuru kama mwalimu. Alisema, "Nitafuata desturi yao. Nitaitisha risaga."

Risaga ni kazi ya kusaidiana. Una shamba linakushinda, unawaita majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima, unawalisha, wanaondoka. Kesho ni zamu ya mwingine, na wewe unakwenda. Hakuna malipo. Kwa kawaida kunakuwa na pombe, lakini baba ni mlokole, akatangaza uji na makande, na wazee walimtania mbele ya kijiji kizima kwamba hii sasa ni risaga ya watoto wanaonyonya. Hata hivyo walikuja. Walikuja wote. Baba alifurahi mpaka akasahau kupuliza filimbi yake ya shule.

Sasa hapa ndipo ilipo shida yote, na nilihitaji kuwa mtu mzima ili niione. Risaga ina adabu yake. Mwenye kuiitisha ndiye anayeonyesha pa kulima. Wewe uliyeitwa unalima ulipoonyeshwa. Ukiona mstari wake umepinda, ni wake; ukiona anapanda mahali pabaya, ni pake. Humkosoi mtu mbele ya watu aliowapikia. Labda utamwambia siku nyingine mkiwa wawili, na kama ni mgeni, mwalimu wa serikali, mwenye miwani, huenda usimwambie kamwe. Kama baba angewaita kwenye mkutano wangesema, maana Wakurya mkutanoni hawana haya, wanasema mpaka jua linazama. Lakini aliwaita kwenye risaga. Kwa kutaka kuwaheshimu aliwafunga midomo, na ukimya wao akauona ni kukubali. Ni kosa ambalo asiyeijali desturi yao asingelifanya.

Nakumbuka matete yakikatwa, yakianguka kwa mlio mkavu. Nakumbuka wanaume wakichimba mashimo kukizunguka kisima, mstari ulionyooka kwa kamba, na watoto kila mmoja na mche wake. Wamama walikuja na watoto wachanga mgongoni, mama akapakua makande kwenye majani ya migomba kwa sababu sahani zilikwisha, na uji ukaongezwa maji tena na tena ili utoshe. Ilikuwa sikukuu. Wewe mwenyewe ungekuwepo ungesema hivyo.

Bibi alisimama pembeni na fimbo yake. Hakupanda. Aliutazama mche alioshikilia mjukuu wake, akaunusa, akamtazama baba, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kubana:

"Mwalimu. Hii miti inakunywa."

Baba akacheka kwa furaha. "Inakunywa kweli kweli, Bibi! Mti usiokunywa utakua namna gani?" Akatugeukia sisi watoto, akapaza sauti kama darasani: "Watoto! Bibi anasemaje? Miti inakunywa?"

"Inakunywaaa!" tukajibu.

"Inafanyaje?"

"Inakunywaaa!"

Bibi akanyamaza. Alikuwa amesema mara moja, na kwa risaga ya mtu mwingine hata hiyo moja ilikuwa nyingi. Tangu siku hiyo likawa neno letu. Kila jioni tulishuka na vikopo kumwagilia, na anayemwaga anapiga kelele "inafanyaje," na wengine tunaitikia. Walimu wenzake baba walilifundisha shuleni. Mimi ndimi niliyekuwa naongoza, mtoto wa mwalimu, kifua mbele, na nyumbani kwa Bibi nilikula maziwa ya mgando na kumpigia Bibi mwenyewe kelele hizo, naye alinitazama tu na kuniongezea maziwa.

Miti ilikua upesi, kama inavyojua. Tulipoondoka Gorong'a, maana baba alihamishwa tena, ilikuwa imempita mtu kwa urefu na kisima kilikuwa bado kinabubujika. Huo ndio mwisho wa mambo kama baba anavyoyajua, na kama nilivyoyajua mimi mpaka nilipopanda bodaboda kutoka Mugumu.

Niliiona milingoti kabla sijaiona nyumba hata moja. Ilitokeza kule kisimani, mirefu kuupita mteremko mzima, imenyooka kwa ile kamba ya baba, na moyo wangu ukapiga kwa fahari. Nikamwambia kijana wa bodaboda, "Ile ni miti ya baba yangu." Akasema, "Ahaa, miti ya mwalimu," na hakusema zaidi. Nikaona ajabu kwamba hata yeye, aliyezaliwa juzi, analijua jina hilo.

Bibi alikuwepo. Alikuwa amepungua, amekaa jikoni karibu na mafiga, macho yameanza ukungu, lakini niliposema "Shikamoo, Bibi" alinitambua kwa sauti kabla sijajitaja. "Marahaba. Mwana wa mwalimu! Kuja hapa nikuone. Umekuwa mama mkubwa hivi?" Alinishika mikono, akaipapasa. Aliuliza habari za baba, akauliza za mama, akauliza kama baba bado anavaa zile buti. Tulicheka. Kisha akamwita mkwe wake, mama mmoja mpole aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua madumu mgongoni mwa punda, akamwambia anichotee maji ya kuoga vumbi.

Mkwe akanichotea beseni zima. Alimimina kutoka kwenye dumu, taratibu, bila kumwaga tone, halafu akaligeuza dumu juu chini akalitikisa kidogo. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikaoga, nikajimwagia mikono miwili miwili kama mtu aliye nyumbani. Maji yalikuwa na rangi ya udongo. Sikujiuliza. Nikarudi nimetakata, nikanyweshwa chai, nikasema kwa furaha ya kijinga, "Sasa nataka nikaone kisima chetu!"

Mkwe akamtazama Bibi. Bibi akasema, "Mwache aende."

Chini ya mikaratusi hakuoti kitu, sijui kama umewahi kuingia humo. Kuna magome yaliyobambuka na majani makavu yanayovunjika chini ya kiatu, na harufu kama ya dawa ya mafua. Nililitafuta jiwe jeusi muda mrefu kwa sababu nilikuwa nalitafuta kwa masikio. Nilipolipata nilikuwa nimeshalikanyaga. Shimo lilikuwa pale pale, upana wa ungo, limejaa majani mpaka juu. Nikaingiza mkono. Majani, majani zaidi, konokono mkavu, vumbi. Mkuyu wa kwanza, ule wa sheria ya sabuni, ulikuwa kisiki. Njia ambayo maji yalipita kwenda mtoni ilikuwa njia ya mbuzi.

Ndipo nikalikumbuka lile beseni, na mlio wa dumu likitikiswa. Ndugu yangu, aibu ina joto. Ilinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, nikiwa peke yangu kabisa, hakuna aliyenitazama. Niliwaogea maji yao ya kunywa. Na lile neno likanirudia, si kwa sauti ya Bibi bali kwa yangu ya kitoto, kifua mbele, nikimfokea mwanamke mzima aliyekuwa ametuonya: inafanyaje?

Niliporudi sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilikaa chini. Bibi akasema kwanza, kunirahisishia.

"Nilimwambia mwalimu inakunywa. Lakini na mimi sikujua itakunywa yote. Niliona itatubakizia."

"Mbona hamkuikata, Bibi?"

"Tulikata. Ikarudi. Kisiki kimoja, miti mitatu." Akafikiri kidogo. "Imetusaidia pia, nisiseme uongo. Paa la shule ni hiyo. Hii nyumba nimekaa, nguzo ni hiyo. Mwalimu alikuja kwa wema."

"Maji mnachota wapi?"

"Mtoni. Punda anajua njia," akasema mkwe, na ndiyo mara pekee aliyozungumza katika jambo lile. Alisema bila hasira. Ningependa kungekuwa na hasira, ningejua pa kuiweka.

Nilipoaga, Bibi aliushika mkono wangu tena. "Usimwambie. Mzee anayeumwa miguu unampelekea habari ya nini? Mwambie miti ni mikubwa. Si ni mikubwa?"

Ilikuwa mikubwa. Nikashuka tena, nikasimama kando ya lile shimo, nikainua simu juu kabisa, nikapiga picha vilele vikiwa vimeshika mbingu. Ilikuwa picha nzuri sana. Hakuna jani kavu lililoonekana. Nikamtumia mama kwenye simu yake ili amwonyeshe, nikajiambia nimemtii Bibi, na kwamba ni huruma. Huruma ilikuwemo. Lakini iliyoinua ule mkono juu ni aibu. Sikutaka yeyote ajue kwamba ile hadithi ya barazani, iliyonilea na kunivimbisha kichwa, chini yake ni pakavu. Nilimwonea baba aibu, baba yangu ambaye hakuwahi kumdhulumu mtu hata kipande cha chaki, kisha nikajionea aibu kwa kumwonea aibu.

Baba alifurahi. Mama aliniambia aliishika simu kutwa nzima, akiikuza picha kwa vidole kama alivyofundishwa na wajukuu, akihesabu matawi. Nilifurahi naye. Nikadhani yamekwisha.

Siku chache baadaye alinipigia mwenyewe, jambo analolifanya kwa nadra. Alikuwa na sauti ile ile ya zamani, ya kuitisha risaga. Huko kwetu kuna chemchemi chini ya kanisa, ambayo kijiji kizima kinaitegemea. Baba alikuwa ameotesha miche ya milingoti barazani, kwenye makopo, bila kumwambia mtu ni ya nini, na vijana wa usharika walikuwa wamekubali kushuka Jumamosi na familia zao, watoto kwa wamama, waizungushie chemchemi miche hiyo.

"Kuna waliobisha," akasema. "Bwana miti mmoja kijana sana akasema milingoti inakausha vyanzo vya maji. Nikamwambia, kijana, nina ushahidi. Nikawaonyesha picha yako. Nikawaambia hiki ni kisima nilichokizungushia mwenyewe, na binti yangu ni muuguzi, ametoka kukiona kwa macho yake. Wakanyamaza wote."

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya wodi. Nilijibu kitu, sijui nini, nikakata simu kwa kisingizio cha mgonjwa. Halafu niliingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango na kukaa juu ya marobota. Nilijaribu njia zote za woga. Nilifikiri nimpigie mchungaji asimamishe kazi bila kumtaja mtu. Nilifikiri nimwambie baba kwamba aina ya udongo wa kwetu ni tofauti. Kila njia iliishia baba akibaki na picha yangu mkononi kama hati ya kuwanyamazisha watu. Wa Gorong'a walinyamazishwa na adabu yao wenyewe. Hawa wa Makete nimewanyamazisha mimi.

Nikampigia.

"Baba, ile picha niliipiga juu."

"Naona. Imependeza."

"Niliipiga juu kwa sababu chini hakuna maji."

Akauliza, kwa upole wa mwalimu anayempa mtoto nafasi ya kujisahihisha: "Ni kiangazi huko?"

"Si kiangazi, baba. Kisima kilikauka. Kimekauka siku nyingi."

Nilisikia kuku wa mama, nilisikia mtu akipita na kumwamkia, naye hakuitikia, na baba haachi kuitikia. Nilingoja aniulize kwa nini nimemdanganya. Nilikuwa nimeliandaa jibu. Hakuuliza hilo.

"Bibi anakunywa maji ya wapi?"

"Ya mtoni. Punda anayaleta."

"Mtoni ni mbali."

"Ni mbali, baba."

Simu ikabadilisha mikono na sauti ya mama ikaingia, imejaa hofu: "Umemwambia nini baba yako?"

Jumamosi ile hawakupanda. Mama aliniambia baba aliomba wambebe kwa kiti mpaka chini ya kanisa, akawaambia vijana mwenyewe kwamba picha ile haikuonyesha kisima, na kwamba yule bwana miti asikilizwe. Miche akaitoa ikapandwe kwenye kilima kikavu huko juu. Watu walimpongeza kwa ujasiri wake. Chemchemi ya kwetu ipo, na mtu mwingine angesema mambo yameisha vizuri.

Mimi nakumbuka kilichoondoka. Vyura wa Gorong'a wameondoka, na harufu ya matete, na zile Jumamosi ambazo mtoto wa yeyote alikula kwa yeyote kwa kuwa wote walishuka mahali pamoja. Siku hizi kila nyumba ina madumu yake na kila nyumba ina safari yake. Na barazani kwa baba pia kuna kilichokauka. Wageni wanakuja, anawauliza habari za mashamba yao, anawauliza habari za watoto. Gorong'a haitaji. Nilimwambia ukweli kwa sababu ilinilazimu, na ningeusema tena, na bado nikiuwaza nainamisha kichwa.

Juzi nilipiga simu ya mama, ikapokelewa barazani. Nilimsikia baba akicheka na jirani, kicheko chake kile kipana ambacho sikukisikia muda mrefu, nikatamani nisiseme neno, nisikilize tu. Nikasema, "Shikamoo, baba." Kicheko kikakatika. Akaitikia marahaba, akakohoa kidogo, akaniuliza kama Mugumu mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha.